Meli yetu inapita Tristan da Cunha: je, tutashuka kweli?

Swali: Shikamoo. Mimi na mama yangu, mwenye miaka 68 na goti linalomsumbua, tunafikiria safari ya meli ya watalii kutoka Ushuaia, Argentina, kupitia kisiwa cha South Georgia hadi Cape Town. Njiani kuna kituo cha Tristan da Cunha, kisiwa kilicho katikati ya Atlantiki Kusini, na kwa kweli ndicho kilichotuvutia. Sasa nasikia meli nyingi hufika pale zikashindwa kushusha abiria. Inafaa kulipia safari ya namna hiyo? Tukifanikiwa kushuka kwa saa chache tufanye nini? Mama anauliza pia abebe zawadi gani.

Jibu: Marahaba, na umsalimie mama. Nimeongoza wageni kwenye meli za Atlantiki Kusini kwa misimu kadhaa, na swali lako huwa naulizwa siku ya tatu baada ya kuiacha South Georgia, abiria wakiwa wameshalipa na bahari imeshaanza kuchafuka. Nimefurahi kwamba wewe umeuliza mapema.

Nendeni. Ila meli msiichague kwa bei wala kwa uzuri wa vyumba. Ichagueni kwa idadi ya siku ilizoitengea Tristan. Ratiba yenye siku moja ni jaribio moja tu, na kwa kisiwa hiki jaribio moja ni kama kurusha shilingi. Yenye siku tatu humpa nahodha nafasi ya kusubiri upepo ugeuke, kuzunguka kisiwa, kwenda visiwa vya jirani na kurudi. Kama fedha zenu zinatosha kabini ya kifahari kwenye meli ya siku moja, au kabini ya chini yenye kidirisha kidogo kwenye meli ya siku tatu, chukueni ya kidirisha kidogo.

Sababu utaielewa ukikijua kisiwa chenyewe. Tristan iko kilomita 2,800 hivi kutoka Cape Town na zaidi ya kilomita 2,400 kutoka Saint Helena, ambako ndiko kwa majirani wake wa karibu. Hakuna uwanja wa ndege. Wenyeji wanaotoka au kurudi hupanda meli za uvuvi na mizigo za Cape Town, na safari huchukua karibu wiki nzima. Kisiwa ni mlima mmoja wa volkano uliosimama kutoka sakafu ya bahari. Kilele chake, Queen Mary's Peak, kina urefu wa mita 2,062 juu ya maji, ilhali kisiwa kizima kina upana wa kilomita 12 tu. Karibu kila upande ni majabali ya mamia ya mita yanayoshuka wima hadi mawimbini. Hakuna ghuba wala mkono wa nchi kavu wa kuvunja nguvu ya maji. Uwanda wa kuishi watu ni ukanda mwembamba upande wa kaskazini magharibi, na hapo ndipo kilipo kijiji cha Edinburgh of the Seven Seas, chenye wakazi wasiofika 300.

Mbele ya kijiji kuna bandari ndogo iitwayo Calshot, iliyojengwa mwaka 1967. Usifikirie gati la meli. Ni kuta mbili za mawe na zege zilizokumbatia kidimbwi ambacho mashua chache zinakijaza. Meli yenu itasimama nje kabisa, na ninyi mtaingia kwa boti za mpira kupitia mlango mwembamba kati ya kuta hizo. Upepo ukitoka kaskazini au kaskazini magharibi, mawimbi hupasukia mlangoni hapo hapo. Wenyeji hukadiria kwamba bandari inatumika vizuri siku 60 hadi 70 kwa mwaka. Siku nyingine ile meli imetulia kabisa upande wa demani, uliokingwa na upepo, jua linawaka, kijiji unakiona kwa darubini mpaka nguo zilizoanikwa, na bado hakuna ruhusa ya kuingia. Abiria hukasirika. Lakini anayetoa uamuzi ni mtu aliyekua na maji hayo, aliyetoka nayo kuvua tangu ujana wake, na mimi sijawahi kumwona akikosea.

Safari yangu ya kwanza hatukushuka. Tulikaa mbele ya kijiji tangu alfajiri hadi jioni, tukaona taa zinawashwa moja baada ya nyingine, kisha tukang'oa nanga. Niliumia, sikufichi. Ndiyo maana namwambia kila anayeniuliza: lipia safari hii kama South Georgia na siku zile za bahari tupu zinakutosha peke yake. Kwa watu wanaopenda ndege wa bahari zinatosha mno, kwa kuwa albatrosi hufuata meli saa nyingi bila kupiga bawa. Tristan iwe nyongeza mnayoiomba. Na someni mkataba kabla ya kutia saini: karibu kila kampuni huandika kwamba nahodha anaweza kubadili vituo kwa sababu ya hali ya hewa bila kurudisha fedha.

Sasa goti la mama. Hili ndilo linalonipa wasiwasi kuliko upepo, kwa hiyo nitalieleza taratibu.

Kwenye meli mtateremka ngazi ya ubavuni hadi kijukwaa kidogo karibu na maji. Boti ya mpira inakuja kujiegemeza hapo, na haitulii: inapanda, inashuka, inapanda, pengine nusu mita, pengine zaidi. Baharia mmoja amesimama kwenye kijukwaa, mwingine ndani ya boti. Mama atatoa mkono, na hawatamshika vidole. Kila mmoja humshika mwenzake juu ya kifundo cha mkono, ili hata mikono ikiwa na maji mshiko usiteleze. Kisha atasubiri. Boti ikifika juu kabisa, pale inapotulia kidogo kabla ya kushuka, baharia atasema "sasa", naye atakanyaga ukingo wa mpira, atashusha mguu wa pili ndani, atakaa. Hakuna kuruka. Wanaoumia ni wale wanaoanza, wakasita katikati, mguu mmoja ubaki kwenye kijukwaa huku boti inashuka. Kule bandarini ni vivyo hivyo, isipokuwa ngazi ni za zege na chini zina mwani.

Kwa hiyo mpeleke mama kwa daktari wake na umweleze hivyo hasa, kwamba lazima aweze kubeba uzito wote kwa mguu mmoja kwa sekunde mbili akiwa ameshikwa. Afanye mazoezi ya ngazi nyumbani miezi kadhaa kabla, apande na kushuka bila kushika ukuta. Mkiwa South Georgia mtapanda boti hizo mara nyingi, basi mkifika Tristan mwili wake utakuwa umeshazoea. Mwambie kiongozi wa safari mapema kuhusu goti. Huwa tunawaweka watu kama yeye katika boti yenye baharia mzoefu zaidi na tunawachukua maji yakiwa yametulia, si wa mwisho wakati kila mtu ana haraka.

Tuseme mmeshuka. Mna saa nne, pengine tano. Wengi hukimbilia ofisi ya posta, wakapanga foleni ya stempu na mihuri, saa moja na nusu ikaishia hapo. Nawaelewa, stempu za Tristan zimetafutwa na wakusanyaji tangu za kwanza zilipotoka mwaka 1952. Hata kabla ya hapo, mwaka 1946, zilichorwa stempu za mapendekezo zilizokuwa na bei ya viazi, peni moja ya wakati huo ikiwa sawa na viazi vinne, maana kijijini fedha hazikuwa na kazi kubwa. Lakini ninyi msianzie posta. Anzieni mashariki ya kijiji, dakika chache kwa miguu, kwenye lava ya mwaka 1961.

Simama pale nyumba za mwisho zinapoishia. Mbele yako majani ya kijani yamekatika ghafla na rundo la mawe meusi limeanza, mabonge yenye kingo kali, mengine makubwa kuliko gari, yamepandana ovyo. Lava hii haikutiririka kama uji mwepesi. Ilikuwa nzito, ikasukumwa kutoka ardhini polepole, ganda likiganda na kuvunjika huku la ndani likiendelea kusukuma. Wala haikutoka kileleni. Baada ya wiki nyingi za matetemeko, ardhi ilipasuka hapa chini, karibu na nyumba, mwezi wa Oktoba. Watu walikimbilia kwenye mashamba ya viazi, kisha mashua na meli za uvuvi zikawavusha hadi kisiwa cha Nightingale, na kutoka hapo meli ya Kiholanzi iitwayo Tjisadane ikawachukua hadi Cape Town. Kijiji kizima, zaidi ya watu 260, kikaishia Uingereza, katika kambi ya zamani ya jeshi la anga huko Calshot karibu na Southampton.

Lava ilikula kiwanda cha kusindika kamba-koche na fukwe ambazo mashua zilikuwa zinatua. Nyumba, karibu zote, iliziacha. Na wale watu, waliokuwa wamepewa kazi, umeme na maduka ya Uingereza, walipopiga kura mwaka 1962, 148 walitaka kurudi na 5 tu wakataka kubaki. Wengi wao walikuwa wamesharejea mwaka 1963. Kwa kuwa fukwe za kutua mashua zilikuwa zimefunikwa, ikabidi ijengwe bandari, na bandari ikapewa jina la ile kambi ya ugenini. Ndiyo hiyo mliyopitia asubuhi. Mkiwa mmesimama penye ukingo wa mawe yale, mtaelewa kwa nini kuingia ni kugumu hivyo, na mtawatazama wazee wa kijijini kwa jicho jingine: baadhi yao walikuwa watoto ndani ya zile mashua.

Mkijaliwa hali nzuri, mwongozo wa kijijini huwapandisha wenye nguvu hadi juu ya kilima cha volkano hiyo. Ni mwinuko mfupi ila changarawe inateleza. Wewe nenda, mama asubiri. Wala hatakosa la kufanya, kwa sababu kijiji chenyewe kinatembeleka kwa miguu kwa raha: kanisa la Mt. Maria la Kianglikana, kanisa la Mt. Yosefu la Kikatoliki, nyumba ya zamani iliyoezekwa kwa majani ambayo inaonyesha watu walivyoishi, na mahali wanawake wanapouza soksi na sweta za sufu ya kondoo wao. Aulize kuhusu soksi zenye mistari. Zamani msichana alimfumia kijana anayemtaka, na kadiri mistari ilivyoongezeka ndivyo mapenzi yalivyokuwa mazito.

Lugha ni Kiingereza, chenye lafudhi isiyosikika mahali pengine. Majina ya ukoo ni machache: Glass, Green, Swain, Rogers, Hagan, Repetto, Lavarello, na mengine mawili matatu yaliyoingia baadaye. Kila moja lina historia yake. Glass ametokana na William Glass, koplo wa Kiskoti aliyekuja na kikosi cha Waingereza mwaka 1816 kulinda kisiwa kisije kikatumiwa kumtorosha Napoleon, mfalme wa zamani wa Ufaransa aliyekuwa kifungoni Saint Helena. Kikosi kilipoondoka mwaka uliofuata yeye akaomba kubaki na mkewe na watoto. Repetto na Lavarello walikuwa mabaharia wa Italia ambao meli yao iliharibikia hapa mwaka 1892. Hayo usiyaulize kama polisi. Sema habari za asubuhi, nunua kitu, subiri; mazungumzo yatakuja.

Magharibi ya kijiji, umbali wa kilomita tano hivi kwa barabara pekee iliyopo, yako mashamba ya viazi. Ukipata nafasi kwenye basi au gari, mpeleke mama huko. Ni vijishamba vidogo vilivyozungushiwa kuta za mawe ya volkano ili upepo usikaushe mimea, na kando yake vibanda ambako familia huenda kupumzika wakati wa likizo. Ardhi ni ya jamii nzima. Mgeni hanunui kiwanja wala hahamii. Ndiyo maana hata kulala huko kunahitaji kibali cha Baraza la Kisiwa, kinachoombwa mapema kabisa. Abiria wa meli za watalii huombewa kwa pamoja na kampuni, hivyo ninyi hamtahangaika, ila ulizeni kama ada ya kushuka imo ndani ya bei. Viza za bandari za kuanzia na kumalizia, yaani Argentina na Afrika Kusini, hizo ni juu yenu.

Kuna jambo ambalo abiria hulalamikia kila mara, nami nalitetea kwa moyo wote: ukaguzi wa nguo. Siku moja kabla ya kufika, mtaitwa mlete koti, suruali, mabegi, viatu na fimbo za kutembelea. Tutavipitisha kwenye mashine ya kufyonza vumbi, tutachokonoa nyayo za viatu kwa sindano, tutafungua vile vifungo vya kunata (Velcro) vya mikononi mwa koti, maana mbegu hupenda kujificha mle kuliko mahali popote. Kisha buti huchovywa kwenye dawa. Mara moja nilitoa kwenye mfuko wa mgeni mbegu tatu za nyasi alizotoka nazo bustanini kwake, zimevuka bahari nzima bila yeye kujua.

Mwaka 1882 meli moja ilikwama Tristan, panya weusi wakatoka ndani yake. Hawajaondoka mpaka leo, na kila mwaka kijiji kina siku maalumu ya kuwawinda. Visiwa vya jirani, Nightingale na Inaccessible, havina panya, na ndiyo maana bado vina ndege kwa wingi usioelezeka. Inaccessible ndiko anakoishi ndege mdogo kuliko wote duniani miongoni mwa wasioruka, na hapatikani kwingine. Panya mmoja mwenye mimba aliyejificha kwenye sanduku la vyakula angetosha kummaliza. Huko kisiwa cha Gough, kusini zaidi, hata panya wadogo wa nyumbani wamejifunza kula makinda ya albatrosi yakiwa hai viotani. Kwa hiyo ukiambiwa rudia kusafisha kiatu, rudia.

Meli ya siku tatu huenda ikawapeleka Nightingale, mkifuatana na waongozaji wa Tristan; bila wao hamshuki. Meli nyingi hupita mwezi Machi au Aprili, zikitoka kusini, na wakati huo pengwini wa miamba, wale wenye nyusi ndefu za njano, wengi wameshamaliza kubadili manyoya na kurudi baharini. Msiende na ahadi ya pengwini basi. Mtakachokuta ni makinda makubwa ya albatrosi wa pua ya njano, yamekaa juu ya viota vya udongo kama vyungu, yakijaribu mabawa. Mwezi Machi mwaka 2011 meli ya mizigo ilipanda mwamba pale Nightingale, mafuta yakawapaka pengwini. Wenyeji waliwabeba maelfu hadi kijijini, wakawaosha mmoja mmoja, hadi bwawa la kuogelea la kijiji likageuzwa makao ya ndege. Wengi walikufa hata hivyo. Waongozaji wenu watakuwa watu waliofanya kazi hiyo, au watoto wao.

Mkiamka na mafua siku ya kushuka, semeni, na mbaki melini. Najua inauma baada ya siku zote zile. Lakini kijiji hiki hukaa wiki nyingi bila mgeni, kikohozi cha meli moja huweza kuzunguka nyumba zote, na watu wengi huko wana pumu ya kurithi, jambo lililowaleta hata watafiti kutoka Toronto. Kituo chao cha afya ni kizuri kwa ukubwa wake. Hospitali kubwa iko upande wa pili wa bahari, karibu wiki moja kwa meli.

Fedha ni pauni ya Uingereza. Bebeni taslimu, noti ndogo ndogo, na mzipate kabla hamjapanda meli.

Zawadi za mama: asibebe matunda, mbegu, asali, maua, wala kitu chochote cha mmea au mnyama. Hata kikapu cha ukindu au kinyago cha mti kinaweza kurudishwa. Kama ana hamu ya kutoa, aandike kwa kampuni miezi kadhaa kabla, aombe waulizwe wenyeji kama shule ya St Mary's inahitaji vitabu au vifaa fulani, kisha alete walichokitaja. Kanga mpya iliyo kwenye karatasi yake ningemruhusu mimi mwenyewe, baada ya kukaguliwa kama nguo nyingine.

Na mama akifika kwenye kijukwaa, akaitazama boti inavyopanda na kushuka, akaona hapana, asione haya hata kidogo. Mwambie mapema kwamba ana haki ya kugeuka. Bandari ikifungwa, mara nyingi wenyeji hujitahidi kuja wao melini kwa mashua yao wakiwa na stempu, soksi na mihuri ya posta, wakapanga meza kwenye ukumbi. Bandari ikiwa wazi, wewe chukua postikadi zake alizoziandika usiku, zipeleke posta ukitoka kwenye lava, na umwachie ya kwake moja bila kuituma ila ikiwa na muhuri wa siku ile. Zile nyingine zitasubiri meli ijayo ya Cape Town, kwa hiyo huenda mama akafika nyumbani kabla ya postikadi hizo.